Dakika Kumi na Saba

Saa kumi na mbili kasorobo, theluji imeyeyukia viatuni.
Natoka zamu ya hospitali, koti sijalivua,
Lorenz ananipokea mlangoni na habari yake:
"Shangazi Gerlinde ameshapanda treni."

Shangazi Gerlinde ndiye mwenye keki.
Keki ya Msitu Mweusi, ile yenyewe,
ya siku mbili na mayai manane,
iliyokuwa ikisimama mezani
kama bibi harusi aliyekatazwa kutabasamu.
Sasa mikono yake inatetemeka.
Mwiko wa krimu ameutundika ukutani
kama askari aliyestaafu atundikavyo upanga.
Na mimi niliyeolewa tu katika ukoo huu,
mimi nina nini? Nafungua kabati.

Keki ya Jumapili ipo, imekauka kama sifongo la kuoshea gari.
Nusu kipande cha chokoleti chungu.
Krimu ya kopo, tarehe yake inaisha kesho.
Na chupa ya cheri, ya Shangazi mwenyewe,
mwaka umeandikwa kifunikoni kwa penseli.
Haba na haba hujaza kibaba;
leo itabidi ijaze bilauri.

"Vunja," namwambia Lorenz,
na mtoto ambaye kutwa kucha huambiwa usivunje
anapata siku yake.

Makombo chini. Juu yake maji ya cheri,
yanazama taratibu, yanapaka rangi hadi pembeni.
Krimu naipiga kwa mkono, mashine ilikufa tangu Novemba,
naipiga, bega linawaka,
naipiga mpaka kilima kisimame chenyewe na kukataa kulala.
Cheri. Krimu. Chokoleti naikwangua kwa kisu cha viazi,
inanyesha, nyingine sakafuni,
nyingine kinywani mwa mtu ambaye simtaji.
Halafu tena, toka chini: makombo, wekundu, weupe.
Bilauri nne, zote zilikuwa za haradali, hakuna mbili zinazofanana.
Ya tatu imeegemea upande, kama mlevi kwenye foleni.

Lorenz amepiga magoti, macho sawa na meza.
"Huu ni udongo," anasema. "Hii theluji.
Na hawa wekundu ni watu wamelala."
"Watu gani?"
"Wa zamani."
Sina muda wa kuuliza zaidi. Kengele.

Anaketi na koti lake.
Anaitazama bilauri
kama daktari wetu atazamavyo picha ya mapafu,
anaigeuza kuelekea taa.
Volkmar, mume wangu, ameingia nyuma yake,
anajifanya kusoma barua ya kampuni ya umeme.

Kijiko kinashuka. Saa ya ukutani ndiyo pekee inayozungumza.
Kijiko cha pili.
Halafu, ka! Kitu kwenye jino.

Damu yangu inasimama.
Nilizikagua zile cheri? Sikuzikagua.
Shangazi anatoa kokwa, anailaza ukingoni mwa kisosi,
anaiviringisha kwa kidole kisichotulia.
"Nilikuwa naiacha makusudi," anasema.
"Moja kila chupa. Anayeipata haoshi vyombo."

Miaka kumi na mmoja ukweni,
na hakuna aliyewahi kuniambia.
Namtazama Volkmar. Barua ya umeme
imekuwa na utamu wa ajabu.

"Imekuchukua muda gani hii?"
"Dakika kumi na saba, Shangazi."
Midomo yake inahesabu kitu,
huenda ni mayai, huenda ni zile siku, mbili mbili,
Krismasi, Pasaka, kipaimara, mazishi.
"Mungu wangu," anasema,
na bilauri anaisukuma mbele:
"Niongeze."

Usiku naosha vyombo, nikiwa na Volkmar na taulo lake la adhabu.
Chini kabisa ya ile bilauri iliyoegemea,
pale kijiko kisipofika,
pana duara la kahawia,
na katikati yake njia ya kidole kimoja kidogo.
Hiyo siioshi. Naiacha dirishani hadi asubuhi.